Tatizo Kwanza, Dawa Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kutafiti na Kukabili Changamoto za Kijamii na Kiusalama

Ukihudhuria vikao vya usalama vya kutosha, unaanza kujua vitaishaje kabla havijafunguliwa. Mmoja atataka doria ziongezwe, mwingine atataka kamera, wa tatu atasema vijana wapewe semina, na mwenyekiti ataahidi kulifikisha suala kwa wakubwa. Ni mara chache mtu anauliza: kinachotokea hasa ni nini, kinampata nani, saa ngapi, na kwa nini hapo na si mtaa wa pili?

Maswali hayo ndiyo utafiti. Yanamhusu kiongozi wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, askari wa polisi jamii, asasi ya kiraia, mwalimu, na mwanafunzi anayetafuta mada yenye manufaa. Si lazima uwe mtaalamu wa takwimu. Unahitaji daftari, uvumilivu, na moyo wa kukubali kwamba ulichokiamini kwa miaka mingi kinaweza kuwa si kweli.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika gereza la Rahway jimboni New Jersey, Marekani, wafungwa wa vifungo virefu walikuwa wakiwatisha vijana watukutu walioletwa gerezani kwa saa chache ili wajionee maisha ya kifungo. Wazo lilieleweka kwa kila mtu: kijana akiona ataogopa, akiogopa ataacha. Mpango ukapendwa, ukaigwa kwingi. Baadaye watafiti walikusanya majaribio tisa ya mipango ya aina hiyo, yaliyolinganisha vijana waliochaguliwa kwa bahati nasibu kupelekwa na wenzao ambao hawakupelekwa. Waliopelekwa ndio waliofanya makosa zaidi. Walioanzisha mpango walikuwa na nia njema kabisa, na watoto wa watu wakaumia.

Hatua ya 1: Liite tatizo kwa jina lake dogo

"Uhalifu umezidi." "Maadili yameporomoka." Hayo ni makapu. Ndani ya kapu la uhalifu kuna wizi wa mifugo, utapeli wa simu, kipigo cha mume kwa mke na vita vya magenge, na dawa ya kimoja haiponyi kingine. Herman Goldstein, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alilieleza hili mwaka 1979 alipoandika kwamba polisi wamezama katika kuhesabu askari, magari na kasi ya kufika kwenye tukio, huku tatizo lililowafanya watu wapige simu likibaki pale pale. Hoja yake inazihusu pia asasi zinazohesabu semina na washiriki.

Andika sentensi moja inayojibu mambo sita: nani anaumia, anaumizwaje, wapi, lini, mara ngapi, na wewe umejuaje. Linganisha "wizi wa simu umekithiri" na mfano huu wa kubuni: "Wanawake wanaotoka kazini hunyang'anywa simu kwenye njia ya miguu kati ya kituo cha magari na makazi, kati ya saa 1 na saa 3 usiku, siku za kazi, tumesikia matukio 14 kwa miezi miwili, na 4 tu kati ya hayo yaliripotiwa polisi." Sentensi ya pili tayari inakuonyesha pa kwenda kesho jioni.

Kisha ipitishe sentensi yako kwenye vichujio vitatu. Je, jambo linajirudia, au ni tukio moja lililowashtua watu? Je, kuna mtu anayeumia kweli, au linaudhi tu? Na wanaoumia wenyewe wanataka lishughulikiwe? Nasisitiza kichujio cha pili, maana ndicho kinachorukwa. "Vijana wanaokaa kijiweni" si tatizo la usalama mpaka uonyeshe madhara. Tatizo likitajwa kwa jina la kundi la watu, iwe vijana, wageni, wakimbizi au waumini wa dini fulani, kila hatua inayofuata itawaandama watu hao badala ya kuandama madhara. Taja tendo, usitaje kabila la mtenda.

Kabla hujaifunga hatua hii, jiulize tatizo linalishwa na nini. Ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1994 iligawa usalama wa binadamu katika maeneo saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, jamii na siasa. Pitisha sentensi yako kwa kila moja, dakika tano kwa kila eneo. Ugomvi wa wafugaji na wakulima, kwa mfano, hufika mezani ukiitwa wa kikabila, na ukiukagua vizuri unakuta kisima kilichokauka.

Hatua ya 2: Jua wengine wamegundua nini

Tenga wiki moja ya kusoma. Anza na mapitio ya tafiti nyingi kwa pamoja, kwa sababu utafiti mmoja unaweza kupotoka kwa bahati tu. Mtandao wa watafiti uitwao Campbell Collaboration, ulioanzishwa mwaka 2000, huchapisha mapitio ya aina hiyo kuhusu uhalifu, elimu na ustawi wa jamii, na muhtasari wake husomwa bure.

Kila utafiti uulize maswali matatu. Walilinganisha na nani? Walifuatilia kwa muda gani? Walipima kitendo chenyewe, au maoni ya washiriki kuhusu kitendo? Ripoti isiyo na jibu la swali la kwanza isome kwa ajili ya mawazo, usiitumie kama ushahidi.

Hatua ya 3: Kusanya taarifa kutoka vyanzo visivyofanana

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitabu cha matukio cha polisi kinakuonyesha yaliyoripotiwa tu, na kuripoti kuna gharama zake: nauli, aibu, hofu ya kisasi, au mashaka kwamba hakuna kitakachofanyika. Idadi ya taarifa ikipanda, huenda uhalifu umeongezeka, au huenda watu wameanza kuwaamini polisi. Kwa chanzo kimoja huwezi kujua ni lipi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Cardiff, Wales. Daktari wa upasuaji wa uso na taya, Jonathan Shepherd, alikuwa akiwashona watu waliopigwa chupa na ngumi, akagundua kwamba sehemu kubwa ya matukio hayo haikuwa kwenye kumbukumbu za polisi. Makarani wa mapokezi katika idara ya dharura wakaanza kuuliza mambo machache: umeumizwa wapi hasa, siku gani na saa ngapi, kwa silaha gani. Jina la mgonjwa liliondolewa, na taarifa zikapelekwa kila mara kwenye kikao cha pamoja cha hospitali, polisi na serikali ya mji. Kwa taarifa hizo walijua ni vilabu gani vya pombe na mitaa gani ilihitaji kushughulikiwa. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2011 ilionyesha kwamba kiwango cha watu kulazwa hospitali kwa majeraha ya kupigwa kilikuwa pungufu kwa asilimia 42 kikilinganishwa na miji mingine inayofanana na Cardiff. Hakukuwa na mtambo mpya wala sheria mpya. Karani aliongeza maswali matatu au manne kwenye fomu aliyokuwa akiijaza siku zote.

Kwa hiyo tafuta chanzo cha pili na cha tatu. Zahanati, shule, mahakama, madereva, wenye maduka, viongozi wa dini, simu za msaada kwa watoto: kila mmoja ana kipande chake cha picha.

Ukitaka kuwauliza wananchi moja kwa moja, fanya uchunguzi wa wahanga kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, usiishie kwa wale waliofika mkutanoni. Uliza kuhusu matendo, usiulize kuhusu majina ya kisheria. "Je, katika miezi 12 iliyopita kuna mtu aliyechukua kitu chako kwa nguvu au kwa kukutishia?" ni swali linalojibika, ilhali "umewahi kuporwa?" kila mtu ataelewa kwa namna yake. Weka alama ya muda ambayo wote wanaikumbuka, kama sikukuu au msimu wa mvua, kwa sababu tukio chungu la miaka mitatu nyuma hukumbukwa kana kwamba ni la mwaka huu.

Yapo mambo ambayo mtu hatayasema mbele yako hata akikuamini: kwamba amewahi kutoa rushwa, kwamba anaunga mkono kundi lenye silaha, kwamba anampiga mwenzi wake. Kwa mambo hayo ipo mbinu ya orodha. Wagawe wahojiwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lipe orodha ya mambo manne ya kawaida, uulize ni mangapi mtu amefanya mwaka huu, bila kutaja yapi. Kundi la pili lipe orodha hiyo hiyo ukiongeza jambo la tano, lile nyeti, na uulize vivyo hivyo. Kundi la kwanza likitoa wastani wa 1.8 na la pili 2.1, tofauti ya 0.3 inakuambia kwamba takriban asilimia 30 ya watu wamefanya jambo lile nyeti, na humjui hata mmoja wao. Mbinu hii inadai mamia ya wahojiwa. Pia chagua mambo ya kawaida ambayo si rahisi mtu mmoja awe ameyafanya yote au hakuna hata moja, la sivyo siri yake itafichuka kwa hesabu.

Mwisho, tembea. Nenda mahali pa tukio kwa saa ile ile linapotokea, na mtu anayepapita kila siku, mchore ramani kwa mkono: taa iliyokufa, ukuta unaoficha, duka linalofungwa mapema. Wanawake na wanaume wapelekwe kwa matembezi tofauti. Ramani zao hazitafanana, na tofauti hiyo yenyewe ni data.

Hatua ya 4: Usimuumize anayekusaidia

Hatua hii inaendana na ya tatu, lakini nimeipa nafasi yake kwa sababu kosa hapa halirekebishiki. Mtafiti huondoka jioni, na aliyehojiwa hubaki na majirani zake.

Ridhaa si sahihi ya haraka kwenye karatasi. Mweleze mtu unatafuta nini, nani atasoma, kwamba anaweza kuruka swali au kuacha katikati bila kupoteza chochote, na kwamba hakuna malipo wala msaada utakaotokana na majibu yake. Mweleze pia mipaka ya usiri kabla hajaanza kusimulia. Katika mataifa mengi sheria inaweza kukulazimisha kutoa taarifa, hasa mtoto anapokuwa hatarini, na ni haki yake alijue hilo mapema. Kwa sababu hiyo hiyo, usiulize majina ya wahalifu. Usichokijua hakiwezi kutolewa kwako kwa amri wala kwa vitisho.

Kuhusu ukatili wa majumbani, Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa usalama ambao kila mtafiti anapaswa kuufuata. Hoji mwanamke mmoja tu katika kaya. Utafiti upewe jina la jumla mbele ya wengine, kama vile utafiti wa afya ya familia. Zungumzeni mahali pa faragha, na muwe na maswali ya akiba kuhusu jambo la kawaida ili mtu akiingia ghafla mbadilishe mazungumzo. Mhojaji afunzwe kusikiliza bila kuhukumu, na awe na orodha ya mahali pa kupata msaada aliyoihakiki mwenyewe kwa kupiga simu. Kama hakuna pa kumpeleka anayehitaji msaada, usianze kuuliza.

Wahojaji wako nao ni binadamu. Anayesikiliza simulizi tano za ubakaji kwa siku ataenda nazo nyumbani. Punguza idadi ya mahojiano kwa siku, na kila jioni mkae pamoja mzungumze.

Data zenyewe zihifadhiwe kwa mpangilio huu: majina kwenye faili moja, majibu kwenye faili nyingine, namba maalumu pekee ikiziunganisha, na faili la majina lifungwe kwa nywila na lifutwe kazi ikiisha. Usichukue vipimo vya setilaiti vya nyumba ya mtu kama jina la mtaa linatosha. Katika eneo la mgogoro, ramani ya nani amesema nini wapi inaweza kugeuka orodha ya watu wa kushambuliwa.

Hatua ya 5: Tafuta lilipojikusanya, kisha uliza kwa nini

Matatizo ya kijamii hayatawanyiki sawasawa kama mvua. Utafiti wa mji wa Minneapolis, Marekani, uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kwamba takriban asilimia 3 ya anwani zilitoa nusu ya simu zote zilizopigwa polisi. Miji mingi iliyochunguzwa baada ya hapo imetoa picha ya namna hiyo hiyo, na watu nao wako vivyo hivyo. Katika mtaa wa Kirkholt, Uingereza, miaka ya 1980, nyumba iliyowahi kuvunjwa ilikuwa na uwezekano zaidi ya mara nne wa kuvunjwa tena kuliko uwezekano wa nyumba nyingine kuvunjwa kwa mara ya kwanza. Mradi wa pale ukaacha kulinda kila nyumba sawa, ukaelekeza nguvu kwa walioibiwa jana. Majirani wa karibu waliombwa kuwaangalia, na mita za gesi na umeme za kutumbukiza sarafu, zilizokuwa chambo kwa wezi, zikaondolewa. Wizi wa kuvunja nyumba ukashuka sana.

Chora jedwali kwenye karatasi. Mistari iwe mahali, safu ziwe saa za siku, na kila tukio liwe nukta moja. Fanya jedwali la pili kwa wahanga na la tatu kwa watuhumiwa wanaojirudia, ukitumia namba badala ya majina. Kwa kawaida visanduku vichache vitajaa nukta na vingine vingi vitabaki vitupu. Kazi yako iko kwenye vile vichache.

Halafu uliza kwa nini pale. Wanasosholojia wa Marekani Lawrence Cohen na Marcus Felson walieleza mwaka 1979 kwamba tukio la kihalifu huhitaji mambo matatu yakutane: mtu mwenye nia, windo linalofaa, na kukosekana kwa mlinzi. Mlinzi si lazima awe askari. Anaweza kuwa muuza duka, kondakta, bibi aliyekaa kibarazani. Kila nukta kwenye jedwali iulize ni lipi kati ya hayo matatu linaloweza kuondolewa kwa urahisi zaidi. Kwenye utapeli wa mtandaoni mahali ni kikundi cha ujumbe au akaunti ya kupokelea pesa, na walinzi ni msimamizi wa kikundi na mfumo wa malipo. Ukiweza kuchelewesha uhamisho wa pesa wa kutiliwa shaka, umemvunjia tapeli soko bila kumkamata.

Kwa matatizo yenye mizizi ya malalamiko, mambo hayo matatu hayatoshi, na lazima usikilize historia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilihoji mamia ya watu waliowahi kujiunga na makundi ya misimamo mikali barani Afrika. Katika ripoti yake ya mwaka 2017, asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni kabisa kilikuwa kitendo cha vyombo vya dola, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Anayepanga operesheni kali ya kusaka watu aiweke takwimu hiyo mezani kabla ya kutoa amri.

Hatua ya 6: Chagua hatua inayogusa chanzo ulichokiona

Andika mnyororo wako waziwazi: tukifanya hiki, kitabadilika kile, kwa sababu hii. Kama huwezi kuijaza sehemu ya "kwa sababu" kwa kutumia ulichokipata kwenye hatua ya 5, hatua hiyo umeichagua kwa mazoea.

Baadhi ya njia zimejaribiwa kwa uangalifu na zikasimama. Mahali palipojikusanya matukio pakitembelewa na askari kwa vipindi vifupi visivyotabirika, vya dakika 10 hadi 15, uhalifu hupungua pale, na mara nyingi hausogei kwenda jirani. Taa zilizowekwa mwaka 2016 katika baadhi ya makazi ya umma ya jiji la New York, yaliyoteuliwa kwa bahati nasibu, zilipunguza uhalifu mzito wa nje nyakati za usiku kwa takriban asilimia 36. Mjini Philadelphia viwanja 541 vilivyotelekezwa vilihusishwa katika jaribio ambapo baadhi vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuwekewa uzio mfupi wa mbao. Katika mitaa maskini zaidi, ukatili wa bunduki karibu na viwanja vilivyotengenezwa ulipungua kwa asilimia 29. Nyasi na uzio! Nikiwa na bajeti ndogo, ningeanzia hapo kabla ya kufikiria kamera.

Kwa watu walio hatarini kuwa wakatili, jaribio lililonigusa zaidi lilifanyika Monrovia, Liberia, likiwahusu wanaume 999 walioishi kwa wizi, dawa za kulevya na ugomvi, baadhi yao wakiwa wapiganaji wa zamani. Wengine walipewa wiki nane za tiba ya mazungumzo, wakijifunza kutulia kabla ya kutenda na kujiona upya kama watu wa kawaida wa jamii. Wengine walipewa dola 200 za Marekani, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Tiba peke yake ilisaidia kwa muda, kisha nguvu yake ikafifia. Fedha peke yake haikubadilisha tabia zao. Waliopata vyote viwili walibadilika, na watafiti waliporudi baada ya miaka 10 walikuta wizi na ugomvi vingali vimepungua kwa takriban nusu. Fedha iliwapa muda wa kuyazoea waliyofundishwa: kuvaa vizuri, kufanya biashara ndogo, kupokelewa na watu. Anayetaka kuiga mpango huo akakata fedha ili kubana matumizi ameukata moyo wa mpango wenyewe.

Hilo ndilo la kuangalia unapoiga chochote. Tenganisha kiini na vazi. Lugha, mifano, mahali pa kukutania na mavazi ya wawezeshaji vibadilishe upendavyo. Kiini, yaani kile ambacho utafiti ulionyesha kinafanya kazi, kiache kama kilivyo.

Upande wa habari potofu na uchochezi, kuwaonya watu mapema kuhusu mbinu za udanganyifu, kama kupandisha hasira au kumtafuta wa kulaumiwa, huwasaidia kuzitambua wanapokutana nazo. Athari hiyo hufifia, kwa hiyo onyo lirudiwe.

Mezani wawepo wanaoathirika. Maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa namba 1325 la mwaka 2000 kuhusu wanawake na namba 2250 la mwaka 2015 kuhusu vijana yanakupa hoja pale mtu atakapouliza kwa nini wamealikwa. Kila kazi iandikwe jina la mtu mmoja na tarehe. Kazi iliyoandikwa "wadau wote" haitafanyika.

Hatua ya 7: Weka kipimo kabla hujaanza

Kosa la kawaida ni kuanza mradi, kisha kutafuta namna ya kuupima. Chukua vipimo vya mwanzo kabla. Andika ni namba ipi ikibadilika utasema umefanikiwa, na ni ipi itakulazimisha kusimama.

Tafuta wa kulinganisha naye. Tuseme unachagua mitaa mitano yenye hali mbaya kuliko yote mwezi huu, na mwezi ujao hali inatulia. Hata usingefanya chochote ingetulia kiasi, kwa sababu kilichofika kileleni kwa bahati mbaya huelekea kurudi kwenye wastani wake. Mitaa kumi yenye hali mbaya, mitano iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ya wazi ikianza sasa na mitano ikisubiri miezi sita, hukupa jibu la kweli. Bahati nasibu hiyo pia ni ya haki pale rasilimali zisipotosha wote, na watu huikubali wakielezwa mapema.

Polisi wa Kansas City, Marekani, walilinganisha namna hiyo tangu mwaka 1972. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa katika makundi matatu: moja likaondolewa doria za kawaida za magari, jingine likaongezewa mara mbili au tatu, la tatu likabaki lilivyo. Baada ya mwaka mzima hapakuwa na tofauti ya maana katika uhalifu wala katika hofu ya wananchi. Doria ya kuzunguka tu bila shabaha, iliyokuwa nguzo ya polisi kila mahali, ilionekana haina nguvu iliyodhaniwa. Bila kulinganisha, hilo lisingejulikana mpaka leo.

Pima na pembeni. Tatizo limehama kwenda mtaa wa pili? Limebadilika sura? Kuna kundi linalosimamishwa na kupekuliwa zaidi kuliko zamani? Namba ya wizi ikishuka huku imani kwa polisi ikiporomoka, mwaka ujao hutapata mashahidi.

Na usiridhike na fomu za kuridhika. Mwaka 1939 karibu na Boston ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana zaidi ya 500 wasiingie kwenye uhalifu. Nusu yao walipewa mshauri, masomo ya ziada, matibabu na kambi za mapumziko kwa miaka kadhaa. Nusu nyingine hawakupewa. Mtafiti wa uhalifu Joan McCord aliwatafuta miaka 30 hivi baadaye. Takriban theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa, tena kwa shukrani. Lakini kumbukumbu zao za mahakama, hospitali na vifo, zilipowekwa kando ya zile za wenzao, zilionyesha kwamba waliosaidiwa hawakuwa na maisha bora zaidi, na kwa vipimo kadhaa hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Uliza maoni, kwa sababu heshima inadai hivyo, halafu nenda kwenye kumbukumbu.

Hatua ya 8: Rudi kwa waliokupa majibu

Ripoti ya mfadhili inaweza kuwa na kurasa 80. Ya jamii iwe na ukurasa mmoja, kwa lugha wanayozungumza, na isomwe kwa sauti mbele yao kabla haijapelekwa kwingine, ili waseme ulipokosea.

Iwe na ramani ya kabla na baada, isiyoonyesha nyumba ya mtu. Kilichobadilika na kwa kiasi gani. Ambacho hakikubadilika. Madhara mliyoyaona. Hatua mtakayoiacha, pamoja na sababu. Jina la anayesimamia hatua inayoendelea, na tarehe ambayo jedwali la nukta litachorwa upya, miezi sita kutoka siku hiyo, mahali pale pale na kwa saa zile zile.